Taa Inayojibu "Siwezi"

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Msemo huo humsifu yule aulizaye. Ni mara chache kusifiwa yule anayeulizwa akajibu kwa ukweli, hasa jibu lenyewe linapokuwa "siwezi". Katika nyumba nyingi neno hilo huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Mtoto akitumwa akasema hawezi, hugombezwa kabla ya kuulizwa sababu. Basi safari ya pili hujibu "naam", akaenda zake, na kazi ikalala vile vile. Juma hili safu hii inaeleza habari za watu waliokaa wakapanga, kwa maandishi na kwa namba, jinsi ya kusema "siwezi" pamoja na sababu yake. Watu hao ni mafundi wa taa za jukwaani, na wanaosema "siwezi" ni taa zenyewe.

ZAMANI TAA ZILIKUWA BUBU

Mtu aliyepata kuingia katika jumba kubwa la maonyesho atakumbuka taa nyingi zinazoning'inia katika vyuma juu ya jukwaa, pengine mita kumi kutoka sakafuni. Taa hizo huongozwa na fundi mmoja aketiye mbele ya meza yenye vitufe, mara nyingi nyuma ya watazamaji. Hapo kale kila kiwanda kilikuwa na lugha yake ya maongozi, na meza ya kiwanda hiki haikuelewana na taa za kiwanda kile. Mwaka 1986 taasisi ya ufundi wa maonyesho ya Marekani, iitwayo USITT, ilitoa itifaki moja kwa wote, ikaitwa DMX512. Itifaki hiyo ilirekebishwa mwaka 1990, na mwaka 2004 ikapata kuwa kiwango rasmi cha Marekani.

Hesabu ya 512 ndiyo hesabu ya nafasi zilizomo katika mlolongo mmoja wa mawasiliano. Kila nafasi hubeba namba kati ya 0 na 255. Kwa taa ya kawaida 0 ni giza, 255 ni mwanga kamili, na zilizo katikati ni mwanga wa kadiri. Meza huzisoma nafasi zote kwa sauti, kama karani asomaye majina, nayo hurudia mara 44 hivi kwa kila sekunde moja. Kila taa husikiliza nafasi yake tu na kutii.

Mpango huo ulikuwa mzuri, nao unatumika hata leo. Lakini ulikuwa na upungufu mmoja mkubwa: maneno yalikwenda upande mmoja tu. Meza ilisema, taa zikasikia, wala hapakuwa na njia ya taa kujibu. Ilikuwa kama mkutano wa hadhara ambao kipaza sauti kipo mkononi mwa mwenyekiti peke yake. Taa ikikataa kuwaka, meza haikujua. Fundi aliona giza kwa macho yake, akaleta ngazi, akapanda. Mara nyingine aliikuta globu imekufa. Mara nyingine aliikuta globu nzima, kosa likiwa kwenye kebo, au kwenye namba ya nafasi iliyowekwa kimakosa. Akashuka, akapanda tena. Kila safari ya ngazi ilikuwa hatari kwa mwili wake, na saa ya maonyesho haikumngoja.

LUGHA YA KUJIBIZANA

Mwaka 2006 ilitangazwa itifaki ya pili, iitwayo RDM, ambayo hupita katika waya zile zile za DMX512. Itifaki hii iliwapa taa ulimi. Hata hivyo ulimi huo ulitiwa nidhamu kali: taa haisemi mpaka iulizwe. Meza ikimaliza swali lake hunyamaza na kuiachia taa njia, nayo taa hutakiwa kuanza kujibu kabla ya sehemu mbili za elfu moja za sekunde kupita. Baada ya hapo meza huendelea na kazi yake ya kawaida ya kugawa mwanga, na watazamaji hawatambui kwamba kulikuwa na mazungumzo.

Ili iweze kuulizwa peke yake, kila taa hutoka kiwandani na jina lake lisilofanana na la nyingine. Jina hilo huandikwa kwa tarakimu 12: nne za mwanzo ni za kiwanda, nane zilizobaki ni za taa yenyewe. Meza isiyojua ni taa zipi zilizomo katika mlolongo wake huanza kwa kuita: "Wenye majina kati ya hili na lile, jibuni." Wakijibu wengi kwa pamoja sauti huvurugika, kama darasa zima linapopiga kelele. Basi meza hulikata fungu hilo nusu kwa nusu na kuita tena, ikaendelea kukata mpaka amebaki mmoja. Huyo huandikwa daftarini na kuambiwa anyamaze katika zoezi hilo, na wengine wakaendelea kutafutwa. Mwalimu yeyote aliyepata kuchukua mahudhurio ya darasa kubwa lisilo na orodha ataitambua hekima hiyo.

MAJIBU YA AINA NNE

Taa ikiulizwa jambo, au ikiamriwa kubadilisha jambo, jibu lake huwa la moja kati ya aina nne.

La kwanza ni "naam": swali limefika, na jibu ni hili, au amri imefika na imetekelezwa.

La pili ni "subiri". Taa husema kwamba jibu halijawa tayari, nayo hutaja muda inaoukadiria, ikihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Haiachwi kusema "subiri kidogo" kama fundi cherehani aahidiye nguo kesho kila siku; ni lazima itaje muda. Muda mrefu kabisa unaoweza kutajwa ni dakika 109 hivi. Muda ukiisha, meza hurudi na kulichukua jibu ambalo taa imeliweka akiba.

La tatu ni "maneno hayajaisha". Ujumbe mmoja hauwezi kubeba zaidi ya baiti 231 za habari. Jibu likiwa refu kuliko hivyo, taa hutoa fungu la kwanza na kutangaza kwamba kuna jingine. Meza huuliza tena mpaka mwisho wa habari.

La nne ndilo "siwezi", na hapo ndipo wapangaji wa itifaki walipofanya kazi ya kusifiwa. Taa hairuhusiwi kukataa kavu. Ni lazima itoe namba ya sababu. Katika toleo la mwaka 2010 sababu hizo ni 11, zenye namba kuanzia 0 hadi 10. Nyingine ziliongezwa baadaye kwa ajili ya kazi mpya.

SABABU ZENYEWE

Sababu namba 0 ni "silijui jambo hilo". Taa ya LED isiyo na globu, ikiulizwa globu yake imewashwa mara ngapi, inaweza kujibu hivyo, wala si kosa lake. Namba 1 ni "maneno yako hayakupangwa sawasawa". Namba 2 ni "nina hitilafu mwilini mwangu inayonizuia kutii". Namba 4 ni "nimefungwa, sibadilishwi". Huenda mwenye taa ameifunga mipango yake ili isichezewe. Namba 5 husema kwamba namna ya kuomba siyo: kuna mambo yanayoweza kuulizwa tu bila kubadilishwa, mfano maelezo ya taa yenyewe, na kuna mengine ya namna nyingine. Namba 6 ni "kiasi ulichotaja kimepita mipaka". Namba 7 ni "ghala langu la ujumbe limejaa". Namba 8 ni "ujumbe wa ukubwa huu siupokei". Namba 9 ni "sehemu hiyo sina", kama kabati lenye vipunguza mwanga 12 likiulizwa habari za kipunguza mwanga cha 13. Namba 3 na namba 10 zinahusu mawakili, yaani vyombo vinavyopokea na kujibu kwa niaba ya taa nyingine, kwa mfano taa zilizoungwa bila waya.

Msomaji azitazame tena sababu hizo moja baada ya moja. Kati ya zote 11 ni moja tu, namba 2, inayosema kwamba chombo ni kibovu. Zilizobaki husema kwamba aliyeuliza ameuliza vibaya, au ameomba kisichowezekana, au amekuja wakati ghala limejaa, au mlango umefungwa, au wakili aliye katikati ameshindwa. Hata hivyo mafundi wasiosoma namba huyachukua makataa yote kuwa ugonjwa wa taa. Huishusha, huifungua, na pengine huitupa, kumbe kosa li katika kidole kilichobonyeza.

TAARIFA, ONYO NA KOSA

Mbali na kujibu maswali, taa huweka kumbukumbu ya yanayoipata. Kumbukumbu hizo zina daraja tatu: taarifa, yaani jambo la kujulikana tu, onyo, yaani jambo la kuangaliwa mapema, na kosa, yaani jambo linalozuia kazi. Kila habari ina namba yake, iliyoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita ambayo mafundi wa kompyuta wameizoea. Namba 0012 husema kwamba globu imekataa kuwaka. Namba 0021 husema kwamba joto limepita kiasi, na hutaja ni nyuzi ngapi. Namba 0042 husema kwamba swichi ya usalama imekatika. Kwa kila daraja kuna pia ujumbe wa kupona, ili meza ijue kwamba tatizo lililoripotiwa asubuhi limekwisha mchana.

Lakini hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Kwa kuwa taa haisemi mpaka iulizwe, habari hizo hungoja. Katika kila jibu, hata liwe la jambo jingine kabisa, taa huambatisha hesabu ya ujumbe uliowekwa akiba. Ni kama mgeni anayejibu salamu kisha akasema kwa upole kwamba ana maneno matatu ya kuongea mwenyeji akipata nafasi. Mwenyeji asipouliza, maneno hayo hubaki moyoni mwa mgeni. Fundi aliyenunua taa zenye ulimi bila kuzisikiliza hana tofauti na yule wa mwaka 1986.

MFANO WA JIONI MOJA

Taa za namna hii sasa zimo pia katika kumbi za sherehe, makanisa na studio za miji ya Afrika Mashariki. Mfano ufuatao ni wa kutunga, lakini matatizo yake ni ya kila siku.

Tuseme chuo fulani kina mahafali jioni. Kijana mwanafunzi wa ufundi amekabidhiwa meza tangu saa nane mchana. Saa kumi anafika fundi mkuu, mzee wa miaka sitini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mambo yamekaaje?"

"Si mazuri, fundi. Taa moja mpya ni mbovu, nataka kuishusha. Nyingine ilizimika baada ya nusu saa, nadhani globu imekufa, tuombe fedha ya kununua nyingine. Na zile tatu za mwisho hazijibu kabisa."

"Ile mpya ni mbovu kwa namna gani?"

"Inakataa kupokea namba ya nafasi."

"Inakataa kwa maneno gani?"

Kijana hakuwa ametazama. Walipotazama pamoja waliona sababu namba 6: kiasi kimepita mipaka. Kijana alikuwa akiiamuru taa ikae nafasi ya 530.

"Mtaa una nyumba 512," mzee akasema, "nawe unampeleka mtu nyumba ya 530. Afanyeje naye?"

Taa ikapewa nafasi ya 130, ikajibu "naam" papo hapo. Haikushushwa.

Kwa taa ya pili mzee hakuuliza habari za globu kwanza. Aliiagiza meza ichukue ujumbe uliongoja. Ukatoka ujumbe wa daraja la kosa wenye namba 0021: joto kupita kiasi, nyuzi 96. Aliuliza tena saa za globu, ikaonekana haijafika hata nusu ya umri iliyoandikiwa na kiwanda. Umeme ukakatwa, wakangoja taa ipoe, maana globu za gesi huwa na mkandamizo mkubwa ndani na zikiguswa zikiwa moto huweza kupasuka. Ndipo kijana alipopanda, akakuta feni imezibwa na vumbi kama pamba. Brashi ilimaliza kazi ambayo ingegharimu bei ya globu mpya, na globu hiyo mpya nayo ingezimika baada ya nusu saa ile ile.

Zilibaki zile tatu zilizonyamaza.

KIMYA KINA MAANA NYINGI

Kimya ndicho kigumu kuliko majibu yote, kwa sababu hakina namba. Meza ikiuliza na kungoja karibu sehemu tatu za elfu za sekunde bila kusikia kitu, huhesabu kwamba jibu limepotea. Lakini limepotea wapi?

Huenda taa haina umeme au kebo imechomoka. Huenda swali lenyewe liliharibika njiani: kila ujumbe hubeba jumla ya hesabu zake, na taa ikijumlisha ikaona haipatani, ni wajibu wake kunyamaza. Sheria hiyo ni ya busara, kwani kujibu neno ambalo hukulisikia vema ni hatari kuliko kutojibu. Huenda mwisho wa mlolongo haukufungwa kwa rezista ya ohm 120, na maneno yakarudi kama mwangwi na kuvuruga yanayofuata. Huenda taa ni ya zamani, inajua kutii DMX512 lakini haijui kujibu. Taa kama hiyo hunyamaza milele nayo ni nzima. Pia maagizo yanayotangazwa kwa taa zote kwa pamoja hayajibiwi, kwa kuwa zote zikisema pamoja hapana atakayesikika.

Iko sababu nyingine inayowasumbua wengi. Katika kumbi kubwa mlolongo mmoja hugawanywa kwa kisanduku kupeleka matawi mbalimbali. Visanduku vya zamani vilitengenezwa wakati taa zilipokuwa bubu, navyo hupitisha maneno kwenda tu, wala si kurudi. Taa zilizo nyuma yake husikia swali, zikajibu kwa adabu zote, na jibu lao likafia kisandukuni.

Mzee hakugusa taa hata moja kati ya zile tatu. Aliiongoza meza izipandishe mwanga, nazo zikawaka zote. Kwa hiyo umeme ulikuwapo na maneno ya kwenda yalifika. Zilikuwa zikifanana kwa jambo moja: zote zilikuwa nyuma ya kisanduku kimoja. "Hizi si kiziwi wala si bubu," akamwambia kijana. "Ni mlango unaofunguka upande mmoja. Leo ziache zifanye kazi. Kesho tutaomba kisanduku kipya."

"NAAM" YA UONGO

Yafaa lielezwe pia jambo baya kuliko kimya. Viko vyombo vilivyotengenezwa kwa haraka ambavyo hujibu "naam" kwa kila amri, iwe imetekelezwa au haikutekelezwa. Fundi huamini, hufunga daftari lake, na kosa hujitokeza mbele ya watu. Ndiyo maana watu wa Open Lighting Project walitengeneza programu ya bure inayoihoji taa kwa maswali mengi, yakiwamo ya makusudi yasiyo sahihi, ili kuona kama itakataa pale inapopaswa kukataa. Taa inayokubali nafasi ya 530 haikusifiwa katika mtihani huo, imeanguka.

Fundi asiye na programu hiyo anaweza kufanya jambo jepesi: akishaamuru, aulize. Akiiambia taa ikae nafasi ya 130, aiulize baadaye imekaa nafasi gani. Jibu likiwa 130, na alale. Likiwa jingine, amemjua mwenzake.

MAFUNZO MACHACHE

Kwa wanaosimamia kumbi, shule na makanisa, mambo manne yafaa yashikwe. Kwanza, msiidhinishe fedha ya kubadili taa kabla ya fundi kuonyesha namba ya sababu. "Imekataa" peke yake haitoshi. Pili, mwagizeni achukue ujumbe unaongoja kila juma, kwa maana onyo la joto lililosomwa Jumatatu huokoa globu ya Jumamosi. Tatu, taa kadhaa zikinyamaza kwa pamoja, tafuteni kitu kimoja zinachoshirikiana kabla ya kuzilaumu. Nne, mtu asipande ngazi wala kufungua taa kabla umeme haujakatwa, hata kama meza imekwisha kumweleza ugonjwa ulipo.

Na kwa mzazi asiye na ukumbi wala meza ya taa, liko moja la kuchukua nyumbani. Wale walioandika itifaki hiyo walijua kwamba chombo kitakachoogopa kusema "siwezi" kitasema "naam" ya uongo, na kwamba katika sababu 11 za kukataa, kumi si ubovu wa anayekataa. Mtoto aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu naye ana sababu yake: huenda duka limefungwa, huenda fedha haikutosha, huenda aliyemtuma hakusema vizuri. Kabla ya kumgombeza, na aulizwe swali la yule mzee: "Imekuwaje?" Akijibu kweli, asiadhibiwe kwa ukweli wake. Ataujua mlango wa kurudi na jibu, hata siku ambayo jibu hilo ni zito.